SABUNI BILA KUGUSA: JINSI YA KUCHAGUA CHOMBO CHA SABUNI KWA VYOO VYA BIASHARA



Mwaka jana alinijia mwanafunzi wetu wa zamani ambaye sasa ana mgahawa karibu na stendi ya mabasi. Akaniambia: "Maalim, nataka nifunge vile vyombo vya sabuni vya kisasa, unaweka mkono chini yake na sabuni inatoka yenyewe. Ninunue kipi?" Nikamwambia: "Mwanangu, kabla ya kununua, twende tukavitazame vilivyokwisha fungwa." Tukaenda katika ukumbi mmoja wa shughuli hapa mjini. Tulikuta vyombo vitatu vinang'aa ukutani. Kimoja kilitoa sabuni. Cha pili betri zimekufa. Cha tatu kilikuwa kitupu, na ndani yake pana utando mweusi. Tulisimama pale kwa muda mfupi tu, na watu wanne walinyoosha mikono, wakakosa sabuni, wakachovya vidole kwenye maji na kuondoka kwenda kula.

Hilo ndilo somo letu. Wengi wetu kesho tutakuwa na duka, mgahawa, nyumba ya wageni au tutasimamia jengo. Choo cha biashara hutumiwa na mteja, na pia na mpishi anayerudi jikoni. Mikono ya mpishi ikitoka chooni bila sabuni, kuhara na homa ya matumbo vina njia ya kufika kwenye sahani.

KINAFANYAJE KAZI?

Chini ya chombo pana jicho dogo. Jicho hilo hutoa mwanga usioonekana kwa macho yetu. Mkono ukipita, mwanga hugonga mkono na kurudi. Chombo kikiupokea, mota ndogo huzungusha pampu, na tone la sabuni au povu huanguka. Nguvu hutoka kwenye betri au umeme wa ukutani. Basi kuna vitu vinne vya kuharibika: jicho, mota, pampu na betri. Chombo cha kubonyeza kwa mkono kina kimoja tu, yaani pampu.

JE, KUTOKUGUSA KUNA FAIDA GANI?

Faida ipo, lakini tusiikuze. Aliyebonyeza chombo kwa mkono mchafu anaunawa mkono huo huo papo hapo. Hatari kubwa zaidi iko baada ya kunawa: kufunga bomba kwa mkono uliokwisha safishwa, kisha kushika kitasa cha mlango. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo atangulize bomba la kufunga kwa kiwiko au mguu, na mlango wa kusukuma kwa bega. Faida ya kweli ya chombo kisichoguswa ni tatu: watu hawaoni kinyaa kukitumia, kinatoa kipimo kimoja kila mara bila israfu, na mtoto au mgonjwa wa mikono hahitaji nguvu ya kubonyeza.

MAMBO SITA YA KUANGALIA

1. Sabuni inaingiaje? Hili ni la kwanza kwa uzito. Viko vyombo vya kumiminia sabuni kutoka kwenye dumu, na viko vya kuweka mfuko uliofungwa kiwandani, ukiisha unatupwa pamoja na mdomo wake. Vya kumiminia ni rahisi kwa gharama, lakini vina mtego. Sabuni ya maji inaweza kuota bakteria, hasa ikichanganywa na maji au ikiongezwa juu ya mabaki ya zamani. Mwaka 2011 watafiti walichapisha uchunguzi wa shule moja ya msingi nchini Marekani ambayo vyombo vyake vyote 14 vya kumiminia vilikuwa vimeingiwa na bakteria. Wanafunzi na wafanyakazi walionawa kwa sabuni ile walitoka na bakteria wa aina fulani mikononi mara 26 kuliko kabla ya kunawa! Walipofungiwa vyombo vya mifuko iliyofungwa, bakteria wakapungua kwa kunawa kama inavyotakiwa. Tangu mwaka 2002 idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa ilikwisha waonya wahudumu wa afya wasiongeze sabuni kwenye chombo ambacho hakijaisha. Ukinunua cha kumiminia, hakikisha tangi lake linatoka, mdomo ni mpana, na linaweza kuoshwa na kukaushwa.

2. Je, jicho linauona mkono wako? Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, na chombo kilichopimwa kwa mikono myeupe tu kinaweza kushindwa. Agosti 2017 Chukwuemeka Afigbo, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi Facebook, alisambaza video iliyoonwa duniani kote. Mkono wa mtu mweupe ulipata sabuni. Mkono wa mtu mweusi ukageuzwa huku na huku, sabuni isitoke. Ilipowekwa karatasi nyeupe ya kujifutia, ikatoka. Basi usinunue kwa picha. Omba kiwashwe dukani, ukijaribu kwa mkono wako, mkavu na wenye maji.

3. Ujazo. Hesabu ni nyepesi. Chombo cha mililita 1,000 kinachotoa mililita 1 kila mara kitahudumia mikono 1,000. Wakiingia watu 250 kwa siku, siku ya nne jioni ni kitupu. Chombo kidogo kizuri cha nyumbani hakifai stendi. Chagua pia chenye kidirisha cha kuonyesha sabuni iliyobaki.

4. Aina ya sabuni. Chombo cha povu kinataka sabuni yake nyepesi, kwa kuwa pampu huichanganya na hewa. Ukitia sabuni nzito, itaziba. Na usiwe mtu wa kuongeza maji ili iwe nyepesi, kwa sababu tumeona madhara yake hapo juu. Uliza kama chombo kinakubali sabuni ya yeyote, au ya mtengenezaji wake peke yake. Ikiwa ni ya peke yake, ulizia kama inapatikana mjini kwenu kila mwezi. Siku ikikosekana, ulichonunua ni pambo la ukuta.

5. Nguvu. Betri zinazouzwa duka la jirani ni bora kuliko za aina ngeni. Kiwe na taa ya kuonya kabla hazijaisha. Cha umeme wa ukutani kinahitaji fundi, tena mbali na maji yanayoruka.

6. Mahali pa kufunga. Kiwe juu ya sinki ili matone yasidondoke sakafuni na kutelezesha watu. Kisipigwe na jua, na jicho lisielekee bati au sinki linalong'aa kwa karibu, maana litatoa sabuni bila mkono. Urefu usizidi kama sentimita 120 kutoka sakafuni, ili mtoto na mwenye kiti cha magurudumu wafikie.

PASIPO UMEME WALA BETRI

Kutokugusa si lazima kuwe kwa umeme. Kibuyu chirizi, dumu linaloinamishwa kwa kamba ya mguuni, ni bomba lisiloguswa. Mwaka 2020, wakati wa korona, mvulana wa miaka 9 wa Bungoma, Kenya, alitengeneza mashine ya mbao ya kunawia inayotumia mguu kwa maji na sabuni, akapewa tuzo ya Uzalendo na Rais. Penye matope, vumbi na watu wengi, kanyagio la mguu linaweza kudumu kuliko jicho la umeme, na fundi wa kuchomelea wa mtaani hulitengeneza.

HITIMISHO

Mwanafunzi wetu aliuliza: "Ninunue kipi?" Nami nilimuuliza: "Nani atakijaza, na nani atakiosha?" Alinyamaza. Siku chache baadaye alifunga viwili vya jicho vyenye tangi la kutoka, na kimoja cha kanyagio pale nje. Kijana mmoja amepewa kazi: kila asubuhi anajaribu vyote kwa mkono wake na kutia saini karatasi ya ukutani. Tangi likiisha huoshwa, hukaushwa, ndipo hujazwa. Na pembeni ya sinki ipo chupa moja ya kubonyeza, kwa siku betri zitakapokufa usiku.

Kumbuka, ndugu msomaji: aliyefika kwenye sinki akakosa sabuni hakunufaika na uzuri wa chombo. Chagua kile utakachoweza kukitunza.

ZOEZI

1. Chombo cha mililita 1,200 kinatoa mililita 2 kila mara. Wakikitumia watu 200 kwa siku, kitadumu siku ngapi?
2. Kwa nini si vizuri kuongeza sabuni juu ya mabaki?
3. Tembelea choo kimoja cha biashara mtaani kwenu. Andika ulichokikuta, kisha toa ushauri wako kwa adabu kwa mwenye nacho.