Somo la 14: Mtoto Huonja kwa Macho

Katika somo la 13 tulisoma habari za uji wa lishe. Leo tunaendelea na habari za chakula cha watoto. Lakini leo hatutazungumza sana juu ya kilichomo chunguni. Tutazungumza juu ya karatasi inayofunika chakula, na jinsi karatasi hiyo inavyoweza kubadili ladha mdomoni mwa mtoto.

1. Dukani

Tuanze na mfano. Mama mmoja anakwenda dukani kununua chumvi na kiberiti. Amefuatana na mtoto wake wa miaka minne. Mtoto anaona pakiti za biskuti. Zimepangwa chini, pale macho yake yanapofika. Juu ya pakiti kuna picha ya simba anayecheka.

"Mama, nataka ile ya simba."

"Nitakununulia hizi nyingine, mwanangu. Biskuti ni zile zile, na bei yake ni ndogo."

"Hizo si tamu! Nataka ya simba!"

Mtoto analia. Watu wanageuka kutazama. Mama anaona haya, anatoa fedha, ananunua biskuti za simba.

Labda jambo hili limekupata na wewe. Wengi wetu husema, "Mtoto huyu anadeka." Lakini fikiri kidogo. Mtoto amesema biskuti zile nyingine si tamu, na hali hajazionja. Amejuaje? Je, anasema uongo?

Wataalamu wa nchi ya Marekani walilichunguza jambo hili. Tusome walivyofanya.

2. Jaribio la California

Huko Marekani kuna kampuni kubwa ya chakula iitwayo McDonald's. Ilianza mwaka 1940 kama mkahawa mmoja wa ndugu wawili katika mji wa San Bernardino, jimbo la California. Leo ina maelfu ya mikahawa katika nchi nyingi. Huuza chakula cha haraka, yaani chakula ambacho mteja hupewa mara tu anapoagiza. Huuza chipsi, vipande vya kuku vya kukaanga, soda, na mikate ya mviringo yenye nyama ya kusaga katikati, iitwayo baga. Alama yake ni herufi M kubwa ya rangi ya manjano.

Mwaka 2007 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na daktari wa watoto Thomas Robinson, walitangaza matokeo ya jaribio lao. Waliwachukua watoto 63 wa umri wa miaka 3 hadi 5. Watoto hao walitoka katika familia zenye kipato kidogo, na walikuwa wakihudhuria shule za chekechea huko California.

Kila mtoto alipewa vyakula vya aina tano: baga, kipande cha kuku, chipsi, maziwa na karoti. Kila chakula kiligawanywa mafungu mawili yaliyo sawa kabisa. Chipsi zilikuwa zile zile. Maziwa yalikuwa yale yale. Fungu moja liliwekwa katika karatasi nyeupe au kikombe cheupe, bila alama yoyote. Fungu la pili liliwekwa katika karatasi au kikombe chenye alama ya McDonald's. Mtoto alionja huku na huku. Kisha aliulizwa: kipi ni kitamu zaidi, au vyote ni sawa?

Jibu la kweli lilikuwa moja tu: vyote ni sawa. Lakini watoto hawakujibu hivyo. Tazama matokeo haya:

Chipsi: kati ya kila watoto 100, watoto 77 walisema zenye alama ni tamu zaidi. Watoto 13 tu walisema zile za karatasi nyeupe ni tamu zaidi.

Maziwa: watoto 61 kati ya kila 100 walichagua yale ya kikombe chenye alama. Watoto 21 walichagua yale ya kikombe cheupe.

Karoti: watoto 54 kati ya kila 100 walichagua zenye alama. Watoto 23 walichagua zile za karatasi nyeupe.

Kipande cha kuku nacho kilikuwa vivyo hivyo. Kwa baga tu tofauti ilikuwa ndogo.

Angalia sana habari ya karoti na maziwa. Vitu hivyo havikutoka McDonald's. Wataalamu walivinunua katika duka la kawaida. Lakini vilipowekwa kwenye alama ile, watoto wengi waliona vimekuwa vitamu zaidi.

Wataalamu waliona jambo jingine pia. Alama ilikuwa na nguvu zaidi kwa watoto wa nyumba zenye televisheni nyingi, na kwa wale waliokula mara nyingi katika mikahawa ya kampuni hiyo.

3. Kwa nini iwe hivyo?

Ndugu msomaji, rudisha mawazo nyuma. Kabla hujajua kusoma, uliitambuaje sabuni unayoitaka dukani? Hukusoma jina lake. Uliitambua kwa rangi yake na picha yake. Rangi na picha zilikuwa herufi zako.

Mtoto wa miaka mitatu naye yuko hivyo. Hajui A wala B, lakini amekwisha kujifunza alama. Ameiona alama ile barabarani, katika televisheni, na mikononi mwa watoto wengine. Kila alipoiona, aliona na watu wanaocheka, muziki na michezo. Basi anapoiona tena juu ya chakula, furaha ile yote humrudia. Anapoonja, anaonja chakula pamoja na furaha ile. Kwa hiyo mtoto hasemi uongo. Mdomoni mwake kile chenye alama ni kitamu kweli.

Makampuni yanalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1963 McDonald's ilianza kumtumia mchekeshaji aliyepakwa rangi usoni, aitwaye Ronald McDonald, katika matangazo ya televisheni. Mwaka 1979 ilianza kuuza kote Marekani chakula cha watoto kinachowekwa ndani ya kisanduku chenye picha, pamoja na mwanasesere au kitu kingine cha kuchezea. Mtoto alidai kisanduku, na mzazi alilipa.

Mtu mzima akiona tangazo, anajua kwamba mwenye mali anataka kuuza. Mtoto wa chini ya miaka saba au minane bado hajalielewa hilo vizuri. Yeye huona rafiki anayemwita.

Labda utasema, "Hayo ni ya Marekani. Kijijini kwetu hakuna mkahawa wa namna hiyo." Ni kweli. Mikahawa ya chakula cha haraka imefika katika miji yetu mikubwa tu. Kampuni nyingine ya Marekani, iitwayo KFC, ilifungua mkahawa Nairobi mwaka 2011 na Dar es Salaam mwaka 2013. Lakini karatasi za rangi zimefika kila kijiji. Tazama katika duka lililo karibu nawe. Utaona biskuti, pipi, soda, juisi za unga na vitafunwa vya chumvi. Picha zake ni za wanyama wanaocheka na watoto wenye nguvu. Mafunzo aliyopata mtoto wa California, mtoto wetu anayapata pale dukani.

4. Hasara yake ni nini?

Hasara ya kwanza ni tumbo. Tumbo la mtoto ni dogo. Likijaa biskuti na soda saa nne, uji na maharage hayatakuwa na nafasi saa saba. Uchunguzi wa afya wa taifa letu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, na biskuti peke yake siyo sababu. Lakini mtoto anayehitaji kila tonge la chakula bora asijazwe sukari.

Hasara ya pili ni meno na mwili. Soda moja ya mililita 300 huwa na sukari karibu gramu 32. Hiyo ni kama vijiko vidogo 8. Sukari nyingi huozesha meno. Mtoto aliyezoea sukari, chumvi na mafuta mengi huenda akaendelea hivyo akiwa mtu mzima. Unene, kisukari na shinikizo la damu hufuata njia hiyo.

Hasara ya tatu ni fedha. Picha ya simba haiji bure. Wewe unayenunua ndiye unayelipia mchoraji, karatasi na tangazo.

5. Tufanye nini?

Nchi nyingine zimetunga sheria. Katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, matangazo ya biashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13 yamekatazwa tangu mwaka 1980. Nchini Chile sheria ilianza mwaka 2016. Vyakula vyenye sukari, chumvi au mafuta mengi kupita kiasi haviruhusiwi kuwa na picha za katuni za kuwavuta watoto. Badala yake vinawekwa alama nyeusi ya kuonya.

Sisi tunaweza kuanzia nyumbani, namna hii:

(a) Soma pakiti. Sasa unajua kusoma. Upande wa mbele una picha kwa ajili ya mtoto. Upande wa nyuma una maandishi madogo kwa ajili yako. Tafuta orodha ya vitu vilivyotiwa ndani. Kitu kinachotajwa kwanza ndicho kilichotiwa kwa wingi zaidi. Ukiona sukari imetajwa ya kwanza au ya pili, jua kwamba unanunua sukari nyingi. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi. Pakiti nyingine zimeandikwa kwa Kiingereza. Usione haya kumwomba kijana aliye shuleni akusomee.

(b) Usimpige mtoto wala kumcheka. Yeye ametegwa. Mwambie kabla hamjatoka nyumbani, "Leo tunanunua chumvi na kiberiti tu." Kisha shika neno lako.

(c) Kipambe chakula cha nyumbani. Kama karatasi iliweza kuzifanya karoti ziwe tamu, na sisi tunaweza kuupamba uji. Mtoto awe na kikombe chake mwenyewe. Uji upewe jina, kwa mfano "uji wa twiga". Mpeni kazi ya kuchuma mchicha au kukoroga unga wa uji kabla haujawekwa motoni.

(d) Uwe na subira. Mwaka 2010 wataalamu wengine wa Marekani, huko Connecticut, walifanya jaribio na watoto 40 wa miaka 4 hadi 6. Picha za katuni ziliongeza sana utamu wa biskuti na pipi laini, lakini kwa karoti hazikusaidia sana. Kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Mtoto huweza kukataa chakula kipya mara nane, mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea. Mpe kidogo kidogo, bila kumlazimisha. Na wewe ukile mbele yake. Mtoto hawezi kupenda mchicha ambao baba yake anausukuma pembeni mwa sahani.

Maneno ya kujifunza

Chapa: jina, alama au picha inayowekwa juu ya bidhaa ili watu waitambue.

Tangazo: habari inayotolewa ili watu wanunue kitu.

Kudumaa: kuwa mfupi kuliko umri wako kwa sababu ya kukosa lishe bora au kuugua mara nyingi.

Maswali

1. Watoto wa California walipewa vyakula gani vitano?

2. Mafungu mawili ya kila chakula yalitofautiana kwa jambo gani?

3. Kwa nini habari ya karoti ni ya kushangaza?

4. Je, mtoto anayesema "hizo si tamu" anasema uongo? Eleza.

5. Katika orodha iliyo nyuma ya pakiti, kitu cha kwanza kinatuambia nini?

Hesabu

1. Kwa chipsi, watoto 77 kati ya kila 100 walichagua zenye alama, na 13 walichagua za karatasi nyeupe. Ni wangapi waliobaki?

2. Tuseme pakiti ya biskuti ni shilingi 200. Mzazi ananunua pakiti moja kila siku. Kwa siku 30 atatumia shilingi ngapi? Kwa fedha hizo angepata mayai mangapi kwa bei ya kijijini kwenu?

Kazi ya nyumbani

Pika uji kama kawaida. Utie katika vikombe viwili, kutoka chungu kile kile. Kikombe kimoja kisiwe na pambo lolote. Cha pili kiwe na picha au ua ulilolichora. Mpe mtoto wako aonje vyote viwili. Mwulize, "Upi mtamu zaidi, au ni sawa?" Usimwonyeshe jibu unalolitaka. Andika jibu lake katika daftari lako.

Kazi ya kikundi

Kila mwanadarasa alete pakiti moja tupu kutoka nyumbani. Katika kikundi, someni kwanza upande wa mbele, kisha upande wa nyuma. Andikeni ubaoni: picha inasema nini, na maandishi yanasema nini? Hesabuni ni pakiti ngapi ambazo picha na maandishi yake havipatani. Kisha mjadiliane: mwenye duka la kijijini anaweza kuwasaidiaje wazazi? Mchagueni mtu mmoja akazungumze naye.