Taimingi ya Injini: Pima Kabla ya Kumlaumu Dereva

Somo letu la leo ni la vikundi vyenye gari kuukuu za petroli, zile za distributa na pointi.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilikuwa na pikapu ya kuteremsha mboga kutoka Wundanyi hadi sokoni Voi. Petroli iliyokuwa ikitosha safari tatu ikaanza kutosha mbili tu. Mkutano ukaitishwa. Dereva akasimama, akasema, "Mama zangu, sijauza hata lita moja." Hawakumwamini, na sisi tuliokuwapo tukanyamaza. Ilibaki kidogo tu afutwe kazi. Ndipo fundi mmoja akafungua boneti na kushika distributa: ikazunguka mkononi. Bolti yake ilikuwa imelegea, taimingi imechelewa. Kijana wa watu hakuwa mwizi. Tulimwomba msamaha.

Taimingi ni nini?

Plagi hutoa cheche kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, kwa sababu petroli huhitaji muda kuwaka. Cheche ikichelewa, nguvu hupotelea kwenye ekzosi: injini huchemka, hushindwa na mlima na kunywa mafuta. Ikiwahi mno, injini hugonga kama kokoto ndani ya mkebe, na pistoni yaweza kutoboka.

Namna ya kuiweka

Tayarisha spana, fila geji na taa ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Gari iwe mahali tambarare, hendibreki imevutwa, gia iko nyutro. Vua leso au nguo yoyote inayoning'inia.

1. Safisha pointi na upime nafasi yake kwanza. Gari nyingi hutaka karibu milimita 0.4. Ukiigusa baadaye, taimingi nayo hubadilika.

2. Fungua plagi ya silinda namba 1. Angalia vizuri: kwa Peugeot 504, namba 1 iko upande wa gia boksi, si wa radieta. Ziba tundu kwa kidole gumba, zungusha injini kwa spana kufuata mzunguko wake wa kawaida. Upepo ukisukuma kidole, endelea polepole mpaka alama ifike kwenye digrii iliyotajwa katika kitabu cha gari.

3. Chomoa ule waya mnene wa katikati ya distributa, uufunge kwenye chuma cha injini. Waya mmoja wa taa uunge kwenye mguu wa koili unaokwenda kwa distributa, wa pili kwenye bodi. Washa swichi, lakini usipige stata.

4. Legeza bolti ya distributa. Izungushe upande uleule ambao rota huzungukia mpaka taa izime. Sasa irudishe polepole sana. Taa ikiwaka tu, simama hapo, kaza bolti.

5. Zungusha injini mara mbili kamili. Taa iwake alama zinapokutana. Zima swichi mara moja, maana koili hupata joto. Rudisha plagi na nyaya.

Mlima ndio mtihani

Voi iko takriban mita 600 juu ya bahari, Wundanyi zaidi ya mita 1,300. Kwa hiyo pakia mzigo wa kawaida, mpande kutoka Mwatate mkisikiliza. Ikigonga, ichelewesheni kidogo. Ikivuta bila kugonga, mmefaulu.

Gari za dizeli na zile za kompyuta zisizo na distributa haziwekwi hivi. Mwoneni fundi wake.

Maswali ya kujadili kikundini

(a) Je, tunaandika lita na kilomita za kila safari?
(b) Bolti ya distributa ilikaguliwa lini, na nani?
(c) Je, kuna mtu tuliyemlaumu kabla ya kupima? Tumemwambia nini tangu siku hiyo?