Majina ya Majimbo ya Warumi

Hapo kale Warumi walitawala nchi zote zilizoizunguka Bahari ya Kati, wakazigawanya majimbo, kila jimbo na liwali wake. Utawala huo umekwisha zamani, lakini majina ya majimbo yangali vinywani mwa watu, nao huyataja pasipo kujua asili yake.

Mtoto aandikaye barua huandika juu ya bahasha neno Afrika. Zamani jina hilo halikuwa la bara zima. Mwaka wa 146 kabla ya kuzaliwa Kristo Warumi waliuteketeza mji wa Kartago, ambao magofu yake yako karibu na Tunis, wakaitwaa nchi yake. Wakaiita Afrika, kwa kuwa wenyeji wa pande zile waliitwa Afri. Jimbo lenyewe lilikuwa dogo. Jemadari Scipio alichimbisha handaki kuonyesha mpaka, na ng'ambo yake ilikuwa nchi ya wafalme wa Numidia. Basi mtu akivuka handaki lile, ametoka Afrika! Wayunani nao waliliita bara zima Libya. Sasa mambo yamegeuka: Libya ni nchi moja tu, na jina la jimbo lile dogo limeenea mpaka Rasi ya Tumaini Jema.

Jina la Asia huwapoteza wasomaji zaidi. Katika Matendo ya Mitume yasimuliwa kwamba Paulo alizuiwa na Roho Mtakatifu asihubiri katika Asia. Mwanafunzi hutazama ramani, akaona Uchina na Bara Hindi, akastaajabu kwa nini watu wengi hivyo walinyimwa Injili. Sivyo. Asia hiyo ni jimbo la Warumi, upande wa magharibi wa Uturuki ya leo. Mfalme Attalus wa Pergamo alipokufa, mwaka wa 133 kabla ya Kristo, aliwaachia Warumi ufalme wake kwa wasia, nao wakaufanya jimbo. Tena katazo lile halikudumu, maana baadaye Paulo alikaa Efeso, mji mkubwa wa jimbo hilo, akafundisha zaidi ya miaka miwili. Na makanisa saba ya kitabu cha Ufunuo yote yalikuwa humo.

Kusini mwa Ufaransa iko nchi iitwayo Provence. Warumi waliizoea mno, hata wakaiita Provincia, yaani Jimbo, basi. Hata leo mtu wa huko akiulizwa kwao, hujibu kwamba atoka Jimboni.