Usonji Hutoka Wapi? Maelezo kwa Wazazi wa Mpanda na Katavi

Mtoto akifikisha miaka mitatu bila kutamka neno, maneno ya watu humfikia kabla ya daktari. Mawifi watauliza mama alikula nini alipokuwa mjamzito. Jirani atasema mtoto kachezewa. Mwingine atageuza macho kuelekea kwa bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa mtaa. Maneno haya si ya kupuuza. Kanda ya Ziwa na magharibi mwa nchi yetu, tuhuma za uchawi zimewatoa uhai wanawake wazee wasio na hatia, na lawama za "ugonjwa wa kwao" zimewarudisha akina mama kwa wazazi wao na watoto mgongoni. Mara nyingine mtoto huyo ana usonji, hali ya ukuaji wa ubongo inayoweza kumchelewesha kusema na kuhusiana na watu. Ndiyo maana nasema kujua usonji unatoka wapi si jambo la wasomi peke yao.

Kwa sehemu kubwa, usonji unatokana na mabadiliko katika jeni, na mabadiliko hayo humkuta mtoto kabla hajazaliwa. Hayatokani na chakula cha mjamzito, jicho la mtu, wala malezi mabaya. Mwaka 2019 ulitolewa utafiti wa zaidi ya watoto milioni 2 wa Denmark, Sweden, Finland, Israel na Australia Magharibi. Ulikadiria kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti baina ya wanaopata usonji na wasioupata inaelezwa na jeni za kurithi.

Wala kumlaumu mama si tabia ya vijijini tu. Katika miaka ya 1950 na 1960 huko Marekani, wataalamu wenye vyeti vikubwa waliwaambia akina mama kwamba mtoto amejifungia ndani ya nafsi yake kwa sababu hawakumpenda. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, waliofanya kazi London, walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa watoto wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana, hata jozi moja haikuwa hivyo. Mapacha wote hulelewa na mama yuleyule, nyumba ileile. Wanaofanana hutofautiana na wasiofanana kwa kuwa jeni zao ni zilezile. Utafiti ule mdogo ulianza kuwaondolea akina mama mzigo ambao hawakustahili kuubeba hata siku moja.

Jeni ni maelekezo ya kuujenga mwili. Binadamu ana jeni kama 20,000, ndani ya maandishi ya herufi za kikemia zipatazo bilioni 3, nakala moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Kila mtoto anapotungwa maelekezo hayo hunakiliwa upya, na kama ilivyo kwa anayenakili kitabu kirefu kwa mkono, herufi kadhaa hukosewa. Kila mmoja wetu, msomaji pamoja nami, alizaliwa na makosa mapya kama 60 au 70 ambayo baba na mama hawakuwa nayo. Mengi hayana madhara. Mara chache kosa huangukia jeni inayosimamia jinsi chembe za ubongo zinavyoungana na kupelekeana taarifa, na hapo usonji unaweza kutokea. Jeni za aina hiyo zimepewa majina kama SHANK3, CHD8 na SCN2A. Utafiti mkubwa wa mwaka 2020 ulitaja jeni 102 zenye uhusiano na usonji.

Usonji haurithiwi kama selimundu, ugonjwa ambao Watanzania tunaujua vizuri. Selimundu husababishwa na badiliko la herufi moja katika jeni moja, na mtoto huugua akilipata kwa baba na kwa mama pia. Usonji hauna jeni moja. Kwa watoto wengi ni mkusanyiko wa mabadiliko madogo mengi, kila moja likiwa na nguvu kidogo, ambayo wazazi wenyewe wanayo bila kuonyesha dalili yoyote. Kwa wachache ni badiliko moja zito, mara nyingi jipya kabisa katika ukoo. Wengine wamepoteza kipande kizima cha kromosomu, yaani uzi unaobeba jeni nyingi, au kipande kimejirudia.

Na kwa kuwa baba hutajwa mara chache katika lawama hizi, ajue kwamba makosa mengi mapya huja kupitia mbegu zake. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba humwongezea mtoto makosa mapya kama mawili. Sisemi hivyo ili lawama ihamie kwa baba. Hakuna anayeichagua mbegu yake.

Kuna aina chache zenye alama ambazo hata mzazi anaweza kuziona. Mvue mtoto nguo mchana, penye mwanga wa kutosha, umtazame ngozi. Mabaka meupe kadhaa yenye umbo la jani, yaliyokuwepo tangu uchanga, pamoja na kifafa, yanaweza kuashiria ugonjwa wa tuberasi sklerosisi, unaotokana na jeni za TSC1 na TSC2, na ambao huweza kugusa figo na moyo. Alama nyingine ni kichwa kikubwa kupita kiasi. Msichana aliyekuwa akitumia mikono yake vizuri, kisha akaacha na kuanza kuifikicha kama anayenawa, huenda ana sindromu ya Rett. Halafu ulizia kwa wajomba. Kama kaka wa mama, au watoto wa kiume wa dada zake, walichelewa sana kiakili, huenda ni kromosomu X dhaifu. Katika hali hiyo herufi tatu za jeni ya FMR1, ambazo kwa kawaida hurudiwa mara 30 hivi, hurudiwa zaidi ya mara 200 na jeni ikazimika.

Sasa niseme la malaria, kwa sababu Katavi tunaishi nayo. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa watoto 20 wa Tanzania, ambao 14 kati yao walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wamekua vizuri mpaka umri wa miezi 22, 35 na 42, kisha wakapata malaria kali yenye homa ndefu na degedege, na walipopona usonji ukaonekana. Kwa wengine wanne, uhusiano wa usonji na maradhi haukuwa dhahiri, kwani malaria ni ya kawaida nchini na dalili zao huenda zilikuwa zimeanza mapema. Saba waliobaki ama walikuwa na dalili kabla ya malaria, ama hawakuwa na kumbukumbu ya malaria kali. Watoto 14 ni wachache mno kwa kutoa hukumu ya nchi nzima. Lakini yatosha kutukumbusha kwamba malaria kali huumiza ubongo, na kwamba mtoto mwenye degedege hapelekwi kwa mganga kufukizwa. Anakimbizwa kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Chanjo hazimo kabisa katika orodha ya visababishi. Uvumi kwamba zinauleta ulitokana na makala ya mwaka 1998 ya Andrew Wakefield wa Uingereza, ambayo jarida la Lancet liliifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye rejista ya madaktari. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019, wenye watoto 657,461, haukuona chanjo ya surua ikiongeza usonji. Lugha nyingi nyumbani nazo hazileti usonji. Mtoto wa Katumba au Mishamo anayesikia Kirundi na Kiswahili, au wa Mpimbwe anayesikia Kisukuma na Kipimbwe, hajachanganywa na lugha. Akichelewa kusema, atafutiwe sababu nyingine.

Kuna dawa moja ya kuangaliwa. Valproeti, inayotumiwa kutibu kifafa, huongeza uwezekano wa mtoto kupata usonji mama akiitumia akiwa mjamzito. Mwanamke mwenye kifafa anayefikiria kuzaa amwone daktari mapema abadilishiwe dawa, na asiiache mwenyewe, kwani kifafa kisichotibiwa kinaweza kumuua yeye na mimba.

Dalili za kuangalia ni hizi. Mwaka mmoja umefika na mtoto hageuki akiitwa jina lake, wala hanyooshi kidole kukuonyesha ndege au pikipiki. Miezi 16 imepita bila neno, au miaka miwili bila kuunganisha maneno mawili. Yupo anayekaa mkekani akipanga vifuniko vya soda mstari mmoja asubuhi nzima, ukikisogeza kimoja analia kama amechomwa, na hamtazami aliyekisogeza. Yupo anayeziba masikio mashine ya kusaga ikiwaka. Na mtoto wa umri wowote anayepoteza maneno aliyokuwa nayo asisubiriwe hata wiki.

Anzia kliniki ya mtoto, na kadi yake mkononi. Omba apimwe masikio kwanza, maana kiziwi naye hageuki akiitwa. Kabla ya kwenda, chukua daftari la shule na uandike ukoo kwa vizazi vitatu, pande zote mbili: nani alichelewa kusema, nani ana kifafa, nani alifiwa na watoto wachanga, na kama wazazi ni ndugu wa damu. Ukurasa huo humsaidia daktari kuliko mzazi anavyodhani. Kutoka zahanati, rufaa hupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi pale Mpanda, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Muhimbili.

Usonji hautambuliwi kwa kipimo cha damu. Mtaalamu humtazama mtoto akicheza na kumhoji mzazi. Kipimo cha jeni huja baadaye, kutafuta chanzo, na hata katika nchi tajiri hukipata kwa watoto wachache tu. Kwetu kuna tatizo la ziada: kumbukumbu nyingi za jeni duniani ni za watu wenye asili ya Ulaya, hivyo badiliko la mtoto wa Kiafrika mara nyingi hurudi na majibu kwamba maana yake haijaeleweka. Pengo hilo ndilo linalofanyiwa kazi na mradi wa NeuroDev, uliokusanya sampuli za watoto wa Kilifi nchini Kenya na Cape Town, Afrika Kusini. Natamani siku moja watoto wa kwetu nao wawemo.

Kipimo kina faida moja kubwa kwa mzazi anayetaka mtoto mwingine. Kwa jumla, mdogo wa mtoto mwenye usonji ana uwezekano wa kama mmoja kwa watano kuwa nao pia. Badiliko likionekana ni jipya, uwezekano hushuka sana. Likiwa ni kromosomu X dhaifu iliyo kwa mama, kila mimba ina nusu ya nafasi ya kuirithi. Familia isiyo na uwezo wa kupima isivunjike moyo, kwa sababu msaada kwa mtoto hausubiri majibu ya jeni.

Msaada huo huanzia nyumbani. Kaa chini naye uso kwa uso, iga anachofanya, taja kwa neno moja kitu anachokitaka kabla ya kumpa, fanya shughuli za kutwa kwa mpangilio uleule. Nusu saa kila siku ina thamani kuliko chupa za dawa. Anayekuuzia dawa ya kufuta usonji, ya mitishamba au ya kizungu, anakuibia. Dawa hiyo haipo.

Shule nayo ni haki yake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamlinda mtoto asikataliwe kwa ajili ya hali yake. Ukijibiwa kwamba "hafundishiki", nenda kwa afisa ustawi wa jamii na afisa elimu maalumu wa halmashauri yako, uwaombe majibu kwa maandishi. Na wewe mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, sheikh au mzee wa ukoo, ukiletewa shauri la mama au bibi anayetuhumiwa kwa ajili ya mtoto asiyesema, waambie waliokuja kwamba mtoto huyo apelekwe kliniki, na mama wa watu aachwe kwa amani.