Shibe, Hamu na Dopamini: Deni Langu la Dzaleka



Likizo iliyopita niliombwa kutoa darsa fupi baada ya Alasiri kambini Dzaleka, nilikokulia. Nikachagua mada ya israfu. Nikataja aya ya 31 ya Surat al-A'raf, inayotuhalalishia kula na kunywa na kutukataza kuvuka mpaka. Nikataja hadithi ya al-Miqdam bin Ma'dikarib iliyopokewa na Tirmidhi, ile ya kuligawa tumbo theluthi tatu. Hadi hapo sawa. Kisha nikaongeza la kwangu: kwamba mwili mnene ni dalili ya imani nyembamba. Watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha.

Tulipotoka, mama mmoja alikuwa ananisubiri nje. "Mwanangu," akasema, "mimi nafunga Jumatatu na Alhamisi. Msaada wa chakula kwangu unaisha kabla ya mwezi. Unene huu unauona. Hebu niambie, umetoka kwenye israfu ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi Nathenje na swali lake, nikaanza kusoma vitu ambavyo sisi wa masomo ya dini huwa tunawaachia wenzetu wa udaktari.

Watu wengi huiita dopamini kemikali ya furaha. Si sahihi. Dopamini ni kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, na kazi yake kubwa katika chakula ni kuamsha hamu: kumwinua mtu alipokaa akakitafute. Kuonja utamu ni jambo jingine. Mwaka 1995 watafiti wa Seattle, Marekani, walitengeneza panya wasioweza kuzalisha dopamini. Panya hao waliacha kula wakafa kwa njaa, chakula kikiwa karibu nao. Walipopewa dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, walikula. Kwa hiyo kemikali hii ni neema kabla ya kuwa mtihani. Bila hamu, sote tungekufa.

Mtihani unaanzia kwenye dalili. Katika miaka ya 1990 Wolfram Schultz, akiwa Uswisi, alipima seli za dopamini za nyani waliokuwa wakipewa maji ya matunda. Mwanzoni seli zilishtuka maji yalipofika mdomoni. Nyani walipozoea kwamba taa huwaka kwanza, zikawa zinashtuka kwa ile taa. Sasa fikiria kituo cha mabasi Lilongwe saa kumi na moja jioni, na chiwaya cha chipsi kinachemka kando ya barabara. Ile sauti ya mafuta ndiyo taa yetu. Umetoka kula nsima nusu saa iliyopita, tumbo halidai chochote, na mkono tayari uko mfukoni unatafuta kwacha. (Nasema hivi kwa uzoefu.)

Vyakula vyenye mafuta na sukari pamoja ndivyo huvuta zaidi. Mwaka 2010 Paul Johnson na Paul Kenny, huko Florida, waliwaachia panya vyakula vya namna hiyo kwa muda mrefu. Panya wakanenepa, vipokezi vya dopamini vya aina ya D2 vikapungua, na wakawa wanaendelea kula hata taa ya kuwaonya kuhusu maumivu ilipowaka. Kwa binadamu, Gene-Jack Wang na Nora Volkow walikuwa wameshaandika mwaka 2001 kwamba watu wanene sana waliowapima walikuwa na vipokezi hivyo vichache. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana zote, kwa hiyo tusikimbilie kusema unene ni ulevi. Urithi una sehemu yake kubwa, usingizi una yake, na bei sokoni ina yake.

Bei ndiyo iliyonirudisha kwa yule mama. Mandasi na chai yenye sukari hushibisha haraka kwa pesa kidogo. Maharage yanataka mkaa wa saa nzima na zaidi. Na njaa yenyewe huufanya ubongo uitikie chakula kwa nguvu zaidi, kwa hiyo siku za upungufu mwisho wa mwezi huifanya hamu iwe kali zaidi siku msaada unapofika. Nyumba moja inaweza kuwa na njaa na unene pamoja, na hakuna aliyefanya israfu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi hivi. Leo inabeba zaidi ya elfu hamsini. Mimi niliwapigia mahubiri ya israfu.

Nilipaswa kukumbuka kisa cha Abu Hurayra (r.a.) katika Sahih al-Bukhari. Njaa ilimzidi hadi akakaa njiani akitamani mtu amkaribishe. Mtume (s.a.w.) akamwingiza nyumbani, akamtuma awaite watu wa Suffa, maskini wa msikitini, nao wakanywa maziwa ya bakuli moja. Kisha akamwambia Abu Hurayra anywe, na anywe tena, mpaka akaapa kwamba hana nafasi tena tumboni. Mwenye njaa aliamrishwa ashibe! Wanazuoni wameitumia hadithi hii kuonyesha kwamba kushiba chenyewe si haramu. Kinachokemewa ni kuendelea baada ya shibe, na mazoea yanayomdhuru mtu. Imam al-Ghazali katika Ihya' aliandika kitabu kizima juu ya kuyavunja matamanio mawili, ya tumbo na ya tupu, lakini hakuandika kwamba mizani ya dukani hupima imani.

Sipendi makala zinazodai kwamba kila sunna ilikuja kuthibitisha maabara. Hata hivyo, Anas (r.a.) amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali Magharibi, na asipozipata, kwa tende kavu, na asipozipata, kwa mafunda ya maji. Habari ya shibe huchukua muda kufika ubongoni. Sisi kwenye futari ya chuo tunaweka sambusa, chipsi na soda mezani tangu kabla ya adhana, tunazitazama, halafu tunaswali tukizifikiria.

Yule mama nimemwomba radhi kwa simu, akanisamehe, akataka darsa lirudiwe. Na kwa kamati ya futari ya Ramadhani ijayo nina ombi moja: tende na maji peke yake mezani, sahani zibaki jikoni zimefunikwa mpaka imamu atoe salamu.