Mistari Myeusi Haijakuibia Kitu

Kila TV ya bwenini ina mzee wake wa rimoti, na mzee wa rimoti ana kazi moja anayoifanya kabla muvi haijafika dakika ya tano: kuondoa ile mistari myeusi ya juu na chini. Anabonyeza, anabonyeza tena, mpaka picha ijae kioo chote, halafu anakaa ametulia kama mtu aliyetetea haki za wanyonge. Hoja yake inaeleweka. TV ni ya inchi 32, kwa nini tuangalie pungufu? Makala hii ni yake, na ni ya wenzangu wa ualimu pia, maana tatizo hilihili linatusubiri tukienda BTP, na kule darasani linaharibu vitu vikubwa kuliko muvi.

Tuanze na hesabu ya shule ya msingi. Uwiano wa picha ni upana kugawanya kwa kimo, basi. Zile TV za chogo ni 4:3, yaani 1.33. Flati skrini za sasa ni 16:9, yaani 1.78. Muvi nyingi kubwa za kumbi za sinema ni 2.39, ndefu kama mkeka. Sasa chukua rula uende kwenye hiyo TV ya inchi 32 (inchi 32 ni kutoka kona hadi kona, siyo upana, wauza duka huwa hawalisemi hili). Utapata upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha sentimita 40. Picha ya 2.39 ikikaa humo bila kukatwa, kimo chake ni 71 kugawanya kwa 2.39, karibu sentimita 30. Zinabaki 10: tano juu, tano chini. Hiyo ndiyo mistari myeusi. Nyuma yake hakuna kitu kilichofichwa.

Mzee wa rimoti anapobonyeza zuumu, picha inakuzwa mpaka kimo kifike sentimita 40. Lakini upana nao unakua, unafika sentimita 95, na kioo ni kilekile cha 71. Sentimita 24 zimekwenda wapi? Zimekatwa, kushoto na kulia. Robo ya muvi imetupwa nje ya dirisha na aliyeitupa ndiye aliyekuwa analalamika kuibiwa.

Kwa nini basi muvi hazikutengenezwa tu kwa umbo la TV? Kwa kweli zilianza na umbo moja. Miaka ya 1890, kwenye maabara ya Thomas Edison kule Marekani, msaidizi wake W. K. L. Dickson alitumia filamu ya milimita 35 yenye picha ya 4:3, na umbo hilo likashika. Sauti ilipoingia, utepe wa sauti ukadai nafasi yake pembeni mwa filamu, na mwaka 1932 Hollywood wakakubaliana kwenye 1.37. Ndiyo maana Charlie Chaplin wa Modern Times, ya 1936, anakaa vizuri kabisa kwenye TV ya chogo. Televisheni ilipokuja iliiga umbo lilelile, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wamarekani wakaanza kubaki nyumbani, kumbi zikakosa watu. Sinema ikatafuta kitu ambacho TV haiwezi: upana. Mwaka 1953 kampuni ya 20th Century Fox ikatoa The Robe kwa mfumo wa CinemaScope, uliotokana na lenzi ya Mfaransa Henri Chrétien. Lenzi hiyo hubana picha kwa upana wakati wa kupiga, na ukumbini lenzi nyingine huitanua irudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo upana haukuja kwa bahati mbaya. Waongozaji walijifunza kupanga watu ndani yake. Tazama mwisho wa The Good, the Bad and the Ugly ya Sergio Leone, ya 1966: wanaume watatu makaburini, wamesimama mbalimbali, kila mmoja anawachungulia wawili. Ule wasiwasi wote uko kwenye nafasi iliyo kati yao. Ukiweka picha ya namna hiyo kwenye 4:3 bila mistari myeusi, zaidi ya asilimia 40 ya upana inaondoka. Watatu wanabaki wawili, au mmoja na bega la mwenzake. Miaka mingi kanda za VHS zilifanywa hivyohivyo: mtu anakaa chumbani, anaamua kwa niaba yako nani aonekane na nani akatwe. Sholay ya 1975, ambayo wazazi wetu wengi wanaikumbuka, ilitolewa pia kwa nakala za milimita 70. Aliyeiona kwenye kanda iliyokatwa kwa ajili ya TV ya chogo aliiona kupitia tundu la mlango.

Hii 16:9 yenyewe imetoka wapi? Nakiri hapa ndipo hesabu inanifurahisha. Miaka ya 1980 mhandisi Kerns Powers alichora mistatili ya maumbo yote yaliyokuwa yakitumika, yenye eneo sawa, akaipanga kitovu juu ya kitovu. Umbo lililoizunguka yote na umbo lililobaki katikati yalikuwa na uwiano uleule, karibu 1.77. Ukizidisha 1.33 kwa 2.35 halafu utafute kipeuo cha pili, unapata jibu hilohilo. Matokeo yake 4:3 inapoteza robo ya kioo pembeni, na muvi pana inapoteza robo juu na chini. Hakuna aliyependelewa. TV yako ni maridhiano, na maridhiano lazima yaache nafasi tupu mahali.

Kuna dhambi ya pili: kuvuta. Hapa hakuna kinachokatwa, picha ya 4:3 inatanuliwa tu mpaka ijaze 16:9, na kila mtu ananenepa kwa theluthi moja. Bongo muvi za zamani zinateseka sana na hili. Mara nyingi kosa liko kwenye vifaa viwili vinavyopingana. Tangu Dar es Salaam izime mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, nyumba nyingi zina king'amuzi, na king'amuzi kina mpangilio wake wa picha. Kama kiliwekwa 4:3 enzi za chogo na sasa kimechomekwa kwenye flati, kimoja kinabana na kingine kinavuta. Rekebisha king'amuzi kwanza, ndipo ushike rimoti ya TV.

Nisiionee zuumu, ina kazi yake halali. Ukikuta picha imezungukwa na weusi pande zote nne, kama picha kwenye fremu kubwa, ujue muvi pana iliingizwa ndani ya umbo la 4:3 pamoja na mistari yake. Muvi za kutafsiriwa zilizonakiliwa mara nyingi zina ugonjwa huu. Hapo bonyeza zuumu bila hofu. Na ukikuta Zack Snyder's Justice League ya 2021 ina weusi kushoto na kulia, usidhani flashi ina kasoro: mwongozaji ameitaka 4:3. Kwenye simu ni kinyume, kioo ni cha 20:9, ukivuta kwa vidole viwili video ya 16:9 unakata sehemu moja ya tano, yaani vichwa na maandishi ya chini.

Sasa darasani. Video ya 4:3 ikivutwa, duara linakuwa yai. Mstari wa digrii 45 unasomeka 37 hivi, na mwanafunzi mwenye protrakta atapima, ataona, atajilaumu yeye. Afrika ni ndefu kidogo kuliko ilivyo pana, kama kilomita 8,000 kwa 7,400. Ikivutwa inakuwa pana kuliko ndefu, na mtoto ananakili hivyohivyo. Projekta nyingi za shuleni ni 4:3 wakati laptopu zetu ni 16:9, hivyo mara nyingine kosa huja kinyume, kila kitu kinakonda.

Dawa ni slaidi moja. Chora duara kubwa, iwe ya kwanza kabisa, na uirushe ukutani kabla wanafunzi hawajaingia. Pima kwa rula ya ubaoni, upana kisha kimo. Vikilingana, endelea. Visipolingana, ingia kwenye menyu ya projekta au ya laptopu ubadilishe mpaka vilingane, mistari myeusi itokee isitokee.