SOMO LA FAMILIA: TWENDENI TUKAIONE ARDHI

Maandiko ya kusoma: Hesabu 13:17-33, Mwanzo 23:1-20, Yeremia 29:4-14

Lengo la somo: Kujifunza jinsi watu wa Mungu walio ugenini wanavyopaswa kutazama ardhi, kuipata na kuitunza.



Mwezi uliopita ndugu na dada 11 wa kusanyiko letu walisafiri kwenda kutazama shamba nje ya makazi yetu haya ya Uganda. Wengine mnajua habari hii vizuri, na wengine mmesikia maneno ya njiani tu. Tumeona ni vema tuieleze kwa njia ya somo, ili kila familia isome na kuomba kabla ya kikao cha kusanyiko.

Wazo lenyewe si geni. Kikundi cha maombi kimeliombea kwa muda mrefu: mahali ambapo familia chache zitaishi pamoja, nyumba ya sala ikiwa katikati, na vijana waliokosa karo wajifunze kulima bila kuua udongo. Wapande miti, wachimbe matuta, wafuge kidogo, na asubuhi na jioni wamwabudu Mungu. Sasa mtu mmoja amesema yuko tayari kutukodisha ekari 8. Je, tuseme ndiyo?

1. Tazama kwa macho, si kwa hamu

Musa alipowatuma wale watu 12, hakuwaambia waende wakafurahi. Aliwapa maswali. Nchi ni nzuri au mbaya? Udongo una rutuba au hauna? Ina miti au haina? Watu wake ni wachache au ni wengi? Aliwaagiza pia walete matunda, maana tunda halisemi uongo. Walikaa huko siku 40 wakitazama.

Sisi tulikuwa na siku moja, lakini tulikwenda na maswali yaleyale. Kutoka mbali kile kilima kilikuwa kijani kibichi, na baadhi yetu walianza kuimba tukiwa bado ndani ya gari. Mzee mmoja wetu, mkulima wa tangu ujana, hakuimba. Alishuka na jembe lake akachimba mashimo matatu: juu, katikati na chini. Juu, kina cha kiganja tu, jembe liligonga changarawe. Katikati udongo ulikuwa mwekundu na mzito. Alipoulowesha na kuufinyanga ulishikana bila kunata sana. Chini kulikuwa na kinamasi.

Jueni hili, wapendwa: kinamasi si shamba. Kwa Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, maeneo oevu hushikwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Tena ndiyo sifongo ya Mungu, inayonyonya mvua na kuyaachia maji polepole wakati wa kiangazi. Kwa hiyo katika zile ekari 8, ardhi ya kulima ni pungufu sana kuliko tulivyoambiwa.

Mwenye shamba alituambia kisima hakikauki. Dada zetu wawili wakamfuata mama aliyekuwa anateka maji, wakamsalimu na kumsaidia kujitwisha mtungi. Yeye aliwaambia bila kuulizwa mara mbili kwamba ikifika Julai huwa anakwenda kuteka kwingine, mbali. Mnaona? Ukitaka kujua habari za maji, muulize anayeyabeba.

2. Ardhi ina watu

Katika kona ya shamba tulikuta maharage yaliyopaliliwa vizuri, na nyumba ndogo nyuma yake. Baba wa nyumba ile alitukaribisha, akatupa viti. Alisema analima pale kwa miaka mingi kwa ruhusa aliyopewa na mzee wa kwanza wa shamba, na hakuna aliyemwambia kwamba linakodishwa. Kisha akauliza kwa upole, "Mkija ninyi, sisi twende wapi?"

Hakuna aliyejibu haraka. Kila mmoja wetu alikumbuka siku aliyotoka kwake na mzigo kichwani. Je, mtu aliyefukuzwa shambani mwake amfukuze mwingine ili ajenge nyumba ya sala? Mambo ya Walawi 25:23 linatufundisha kwamba ardhi ni ya Bwana, na sisi sote ni wageni na wapitaji kwake. Shamba lililoanza na machozi ya jirani haliwezi kuwa madhabahu.

3. Mgeni apate ardhi hadharani

Someni Mwanzo 23 kwa makini. Sara amekufa, na Ibrahimu hana hata mahali pa kumzika. Anasimama mbele ya wana wa Hethi na kukiri wazi kwamba yeye ni mgeni kati yao. Efroni anasema atampa bure. Ibrahimu hakubali. Anapima shekeli 400 za fedha mbele ya watu wote wa lango la mji. Shamba, pango, na hata miti iliyokuwa mipakani, vyote vilitajwa mbele ya mashahidi. Ibrahimu alikuwa na ahadi ya Mungu juu ya nchi yote, lakini hakuitumia ahadi hiyo kama kisingizio cha kukwepa desturi na sheria ya mahali.

Nasi tufanye hivyo. Kiwanja ulichopewa ndani ya makazi ni cha kutumia. Si chako kuuza wala kukodisha. Ardhi ya nje ni jambo lingine. Kwa sheria ya Uganda, asiye raia hawezi kumiliki ardhi moja kwa moja, lakini anaweza kuikodi kwa mkataba usiozidi miaka 99. Kwa hiyo mtu akikwambia "nakuuzia kabisa, tuandikiane hapa kwenye daftari", jihadhari.

Kabla ya shilingi moja kutoka, haya yafanyike: mwenyekiti wa LC wa kijiji aitwe, majirani wa pande zote waitwe na waonyeshe mipaka kwa miguu, mke na watoto wakubwa wa mwenye shamba waulizwe, hati ikaguliwe katika ofisi ya ardhi, na mkataba usomwe kwa lugha ambayo kila upande unaielewa. Yeremia naye aliponunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17 aliweka mashahidi na hati mbili, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi, zikatiwa katika chombo cha udongo zidumu (Yeremia 32). Imani haikumzuia kutunza karatasi.

Tena neno moja kwa familia. Tumesikia kwamba wengine wanataka kuuza mbuzi wao wa mwisho, na mama mmoja alitaka kutoa sehemu ya mgao wa watoto. Tafadhali msifanye hivyo. Bwana hajengi kwa njaa ya wadogo.

4. Kupanda mti ukiwa ugenini

Wakati wa kurudi, mama mjane mmoja alikuwa kimya njia nzima. Tulipomuuliza, alisema, "Mwembe unachukua miaka mingi. Nikiupanda hapa, ni kama nimekubali kwamba sitarudi nyumbani." Tunajua kwamba amesema kilicho moyoni mwa wengi.

Yeremia aliwaandikia watu wenye uchungu huohuo. Kule Babeli aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, na wauombee mji ule amani. Lakini katika barua hiyohiyo, mstari wa 10, aliwaambia kwamba baada ya miaka 70 Mungu atawarudisha. Mambo yote mawili yamo katika barua moja. Kupanda si kusahau. Anayejifunza kuponya kilima hapa atajua kuponya kilima cha kwao siku atakayorudi, na mti atakaouacha utakuwa asante kwa wenyeji waliotupokea.

Wengine wametutangulia

Hapa Uganda, padre Emmanuel Katongole na wenzake walianzisha Bethany Land Institute wilayani Luweero, ambako vijana hukaa wakijifunza kilimo, utunzaji wa misitu na maisha ya sala kwa pamoja. Huko Benin, padre Godfrey Nzamujo alianza kituo cha Songhai mjini Porto-Novo mwaka 1985 kwa hekta 1 tu. Nchini Kenya, Wangari Maathai alianza mwaka 1977 na miche michache, akiwa na akina mama wa vijijini. Hakuna kati yao aliyesubiri kuwa na ardhi kubwa.

Basi wale 11 wanaleta ushauri huu kwenye kikao: tusikodi shamba lile mpaka yule baba na jamaa yake wapate haki yao mbele ya mwenyekiti na mwenye shamba, na mpaka tulione tena mwezi wa Julai, kisima kikiwa katika hali yake ya kweli. Wakati tunangoja, tuanze kitalu cha miche nyuma ya kanisa. Yule mama mjane amesema ataleta kokwa za embe.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Wale wapelelezi 10 walisema kweli kuhusu nguvu za wenyeji. Kosa lao lilikuwa wapi?
2. Kwa nini Ibrahimu alikataa kupewa bure?
3. Je, tungemjibu nini yule baba mwenye maharage?
4. Kuna mti gani wa kwenu ambao ungependa watoto wako waujue?

Tuombe: Ee Bwana, mwenye nchi na vyote viijazavyo, utupe macho ya kuona kweli, na mikono isiyonyang'anya. Uwakumbuke wenyeji wetu, na uikumbuke njia yetu ya kurudi. Amina.